Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Mlima Kilimanjaro: wagumu nao wana mapafu

Kwa: Waheshimiwa viongozi wenye dhamana ya hifadhi, utalii na kazi katika Mlima Kilimanjaro

Nakala: Wamiliki wa kampuni za kupandisha wageni, vyama vya waongozaji na vya wagumu, yaani wabeba mizigo

YAH: USALAMA WA WAPANDAJI NA WABEBA MIZIGO MLIMANI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwongozaji wa wageni, mzaliwa wa Marangu. Nilianza kwa kubeba mizigo, nikapanda taratibu hadi nikapata leseni, na mpaka leo mlima huu ndio unaosomesha wanangu. Naandika kwa heshima. Naandika hadharani kwa sababu nimeshabisha hodi kwenye milango mingine yote. Malalamiko haya nimeyapeleka kwa maandishi, nimeyasema vikaoni yakaingia kwenye muhtasari, na nimeitwa ofisini nikakaribishwa chai na kuambiwa "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Msimu ukaisha, ukaingia mwingine, jibu likabaki lile lile.

Kabla ya hoja zenyewe, naomba niwaeleze kidogo wananchi watakaosoma barua hii, maana wengi wanaujua mlima kwa picha tu. Kilimanjaro una mita 5,895. Pale Uhuru kileleni, pumzi moja inakupa karibu nusu ya oksijeni unayoipata ukiwa ufukweni Dar es Salaam. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, ila unataka siku, na siku hizo hazifidiwi na ujana wala mazoezi. Nimeona wakimbiaji hodari wakigeuzwa kambi ya Kibo huku akina mama watu wazima wakipita polepole mpaka juu. Ugonjwa wa mlima huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi kupotea. Ukipuuzwa, kwa baadhi ya watu maji hujaa kwenye mapafu: mtu anahema hata akiwa ameketi, anakohoa, midomo na kucha vinabadilika rangi, mwishowe makohozi yanatoka na povu lenye damu. Wengine ubongo ndio unaovimba: anayumba akitembea, anajibu yasiyoulizwa, anataka alale tu. Dawa zipo na oksijeni husaidia, lakini tiba inayoaminika ni kumshusha, na kumshusha muda huo huo, hata kama ni saa nane usiku na mvua inanyesha.

Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Kumshusha mtu kunagharimu fedha, na mlimani kwetu anayeamua kuhusu fedha mara nyingi hayupo mlimani.

1. Mgeni anapimwa, mgumu hapimwi

Kila jioni, kampuni zinazojiheshimu huingia kwenye hema la chakula na kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni. Mgeni anapimwa oksijeni na mapigo ya moyo, anaulizwa kama kichwa kinauma, kama amekula, kama amelala vizuri, na majibu yanaandikwa daftarini. Ni utaratibu mzuri na umeokoa maisha. Hatua chache kutoka hapo, kwenye hema la jiko, wamekaa vijana kumi, kumi na watano, waliotembea njia ile ile wakiwa na mizigo vichwani, na hakuna aliyewauliza chochote.

Nitasema jambo nililolishuhudia, bila kuitaja kampuni. Wanaohusika wanajijua, na taarifa kamili mnayo kwenye mafaili yenu.

Kambi ya Barafu iko mita 4,673 na haina maji. Maji ya mwisho yako bonde la Karanga, kwa hiyo supu na chai yote inayonywewa Barafu imepandishwa na mtu kutoka kule chini. Kijana mmoja wa kundi letu alifika na dumu lake, akalitua, akakaa juu ya jiwe na kushindwa kufungua kamba za viatu vyake mwenyewe. Jioni alikataa ugali. Usiku akaanza kukohoa. Nilipomwekea sikio mgongoni, kifua kilikuwa kinakoroma kama maji yanayochemka ndani ya sufuria lililofunikwa. Nikachukua kipimo kilichokuwa cha wageni nikambana kidoleni: oksijeni asilimia 52. Pale Barafu, mtu aliyezoea vizuri husoma 80 hivi.

Nikapanda mwamba kutafuta mtandao, nikampigia mwenye kampuni. Jibu lake lilikuwa apewe chai ya tangawizi, alale, na kesho wageni wakitoka kileleni ashuke nao. "Ukimshusha sasa hivi unaniondolea watu watano. Mizigo itabebwa na nani?"

Tulimshusha. Wenzake wanne walimbeba kwa zamu gizani kwa njia ya Mweka, na kadiri walivyoshuka ndivyo pumzi ilivyorudi. Alilazwa na akapona, ila mlimani hajarudi tena. Matibabu yalilipwa kwa mchango wa wagumu na ng'ombe wa mama yake. Wale wanne walikatwa posho ya siku ile kwa kosa la kuacha mizigo. Nilipoleta taarifa ofisini niliambiwa mgumu ni suala la kampuni. Nilipoenda kwenye kampuni nikaambiwa huyo ni kibarua wa siku, hana mkataba.

Waheshimiwa, kama mgumu si wa ofisi na si wa kampuni, basi ni wa nani?

Utasikia watu wakisema wagumu wamezaliwa hapa, wameshazoea. Kuzaliwa Kilimanjaro hakumfanyi mtu awe amelala Barafu. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, na vijiji vyetu vya juu kabisa bado viko chini sana ya kambi ya Horombo. Kijana aliyekuwa shambani wiki mbili nzima akisubiri kuitwa kazini anaanza upya kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Tofauti ni kwamba yeye ana mzigo kichwani na hathubutu kusema anaumwa, maana akisema mara mbili hataitwa safari ijayo.

2. Ada inayomfukuza mtu kileleni

Mlima unalipiwa kwa siku. Mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki analipa dola 70 za hifadhi kila siku. Akipita njia ya Marangu anaongeza dola 60 za kulala kibandani kwa usiku mmoja, na njia za mahema dola 50. Kodi ya ongezeko la thamani inakuja juu yake. Maana yake ni kwamba siku moja ya kupumzika Horombo inamgharimu mgeni dola 130 kabla ya kodi, kabla ya chakula na kabla ya ujira wa yeyote. Kampuni inayotaka kuuza bei nafuu itakata wapi? Itakata siku hiyo.

Matokeo yake ni safari ya siku tano njia ya Marangu, ambayo bado inauzwa. Tazameni vibao vyenyewe vya kambi: Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720. Kila usiku mtu analala mita 1,000 juu ya alipolala jana, na usiku wa tatu haumalizi usingizini, anaamshwa karibu na saa sita usiku aanze kupanda kuelekea Gilman's Point, ukingoni mwa kreta. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na baada ya kila siku tatu au nne pawepo siku ya kupumzika. Safari hii inavunja mashauri yote mawili, na sisi waongozaji tunatumwa tuiongoze huku tukijua.

Njia ya Machame kwa siku sita ina afadhali kwa sababu mtu anapanda hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha anashuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Lakini nayo wengi hukata usiku wa Karanga na kwenda Barafu moja kwa moja, wakafika jioni, wakalala kwa muda wa saa nne au tano tu, wakaamshwa kwenda kileleni. Hayo yote yanafanyika kwa ajili ya ada ya siku moja.

Siombi mfute ada. Nafahamu mlima huu unabeba hifadhi nyingine ambazo haziwezi kujilipia zenyewe. Naomba siku moja tu, ile ya kuzoea: Horombo kwa Marangu, Karanga kwa njia zinazopitia Barafu, isitozwe ada ya hifadhi wala ya malazi. Mgeni apande mpaka Miamba ya Pundamilia, arudi Horombo, alale pale pale. Ni siku rahisi kuliko zote na inaokoa watu wengi kuliko helikopta yoyote.

3. Mizani ya getini

Kanuni inasema mgumu asibebe mzigo unaozidi kilo 20, na mizani ipo getini. Tunashukuru, kwa sababu zamani hali ilikuwa mbaya kuliko hii. Lakini mzigo unapimwa getini asubuhi ya siku ya kwanza, na baadhi ya kampuni zimejua namna ya kupita: vijana wa ziada wanaandikishwa, wanapita mizani, kisha wanarudishwa nyumbani kutokea njiani na mizigo yao inagawanywa kwa waliobaki. Anayetoka Karanga kwenda Barafu na dumu la maji juu ya mzigo wake hakuna anayempima. Wekeni mizani kambi za juu, na askari wa hifadhi wapime bila kutangaza. Hilo halihitaji kikao.

4. Wanapolala

Hema la chakula la wageni ndilo chumba cha kulala cha wagumu. Wageni wakichelewa mezani wakipiga hadithi, wale vijana wanasubiri nje kwenye baridi mpaka meza ikunjwe. Sehemu ya chini ya hema imeachwa wazi, wengi hawana godoro, wengine wanagawana blanketi. Baridi ikizidi, wanahamia hema la jiko, wanafunga zipu na kuwasha jiko la gesi wapate joto.

Naomba hili la jiko mlichukue kwa uzito wake. Jiko linalowaka ndani ya hema lililofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala na haamki, na wenzake asubuhi wanadhani ni ugonjwa wa mlima. Kibali cha kupanda kisitolewe kwa kampuni isiyo na mahema ya kulala wagumu yenye sakafu, na marufuku ya kulala na jiko iandikwe kwa Kiswahili kikubwa kwenye kila kambi, si kwa Kiingereza tu.

5. Uokoaji

Kila mgeni wa nje analipa dola 20 za uokoaji kwa safari. Zidisheni kwa maelfu wanaopanda kila mwaka. Hatuulizi kwa kushuku kwamba kuna aliyekula fedha hizo. Tunauliza kwa sababu tunaobisha mlango wa kituo usiku ni sisi, na tunajua tunachokikuta. Mimi nimewahi kufika kituoni na mgonjwa nikaambiwa mtungi wa oksijeni upo ila gesi imekwisha. Nimewahi kukuta machela iko kambi ya chini, na mgonjwa yuko kambi ya juu.

Ile machela ya gurudumu moja ni kazi ya akili kubwa na naiheshimu. Mgonjwa anafungwa mikanda, vijana wanashika vipini mbele, nyuma na ubavuni, wanakimbia nayo juu ya mawe wakipokezana. Lakini wanaoikimbiza ni wagumu waliokuwa wamelala dakika kumi kabla, hawana kofia ngumu, wengine hawana taa, hawana glavu. Mmoja akiteguka mguu, sasa wagonjwa ni wawili.

Mtatuambia helikopta zipo. Zipo, na marubani wake ni mashujaa. Hata hivyo helikopta haiingii kwenye ukungu, usiku ambao ndio wakati mbaya zaidi haisaidii, na kabla haijaruka mtu anauliza bima. Mgumu hana bima. Kwa hiyo tunapozungumza habari ya uokoaji, kwa sehemu kubwa tunazungumza habari ya miguu ya vijana na kile kilichopo ndani ya kituo cha kambi.

Mwaka 2022 Serikali ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720, na ikatangazwa kwa shangwe. Nilifurahi, kwa sababu mtandao unaokoa. Kama tuliweza kupandisha mitambo ile, tunaweza kupandisha mitungi iliyojaa oksijeni, mfuko wa shinikizo wa kumwingiza mgonjwa asiyeweza kushushwa mara moja, na simu za upepo zinazoongea kambi hadi kambi pale mtandao unapokatika. Moto wa Oktoba 2020 uliowaka kuanzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, na ule wa Oktoba 2022 karibu na Karanga, ulitukumbusha kwamba siku moja itabidi kambi nzima ihamishwe usiku. Nani atapiga king'ora? Watu wakimbilie wapi? Sisi waongozaji hatujaelekezwa.

6. Watanzania wenzetu

Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru kileleni, na tangu hapo tarehe hiyo imekuwa na maana ya pekee kwenye mlima huu. Kila mwaka Watanzania wanapanda kuadhimisha Uhuru, na mimi naona fahari kuwaongoza. Nataka wengi zaidi waje. Ila wanakuja wakiwa hawajaambiwa ukweli. Wanakuja na raba za kukimbilia, sweta la pamba, koti la mvua linalovuja mabegani. Desemba ni msimu wa mvua za vuli. Kutoka Mandara kwenda Horombo mtu ameshalowa, na nguo ya pamba ikilowa inakuwa adui. Kileleni alfajiri ni nyuzi nyingi chini ya sifuri, na upepo juu yake.

Tena wananchi hawa ndio wanaopangiwa safari fupi zaidi, kwa sababu bajeti ni ndogo na wafadhili wanataka picha ya kileleni na bango. Mwongozaji mmoja anakabidhiwa kundi kubwa. Anayechoka anasukumwa kwa nyimbo na makofi. Jamani, makofi hayaongezi oksijeni. Naomba wananchi wapewe kiwango kile kile cha uangalizi anachopewa mgeni aliyelipa dola: kipimo, mwongozaji wa kutosha, ukaguzi wa mavazi getini, na duka la kukodi makoti na viatu kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaiweza.

7. Vifo visivyohesabiwa

Upo utafiti uliochunguza vifo vya watalii Kilimanjaro kati ya mwaka 1996 na 2003. Ulihesabu vifo 25, na 14 kati ya hivyo vilisababishwa na ugonjwa wa mlima. Nausoma na kujiuliza: wagumu wa miaka ile wameandikwa wapi? Tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, huku watu wa kwetu wakiwabebea na kuwaonyesha njia, na Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu akitajwa kuwa mmoja wao, hakuna mgeni aliyepanda mlima huu kwa kawaida bila mwenyeji mbele yake na mwenyeji nyuma yake. Wenyeji hao wakifa, taarifa inaishia msibani.

Hifadhi ya Denali, kule Alaska, hutoa ripoti kila mwaka: waliopanda ni wangapi, waliofika kileleni, waliookolewa, waliokufa na sababu zake. Haijawafukuza wapandaji. Imewafundisha.

Najua majibu mtakayoandaa.

Mtasema kanuni zote hizi zipo. Nyingine zipo kweli, na ndiyo maana siombi sheria mpya kwa mambo mengi. Naomba mtu wa kuzisimamia kwenye mita 4,000, si getini.

Mtasema ajira ya mgumu ni kati yake na kampuni. Lakini hakuna anayeingia mlimani bila kibali chenu, na majina ya wagumu yanaandikwa kwenye kibali hicho hicho. Nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kampuni isipoonyesha kwamba wote walioandikwa kwenye kibali wamo kwenye Mfuko, geti lisifunguke. Karatasi moja zaidi kwenye faili la kibali, basi.

Mtasema mambo ya kiufundi yanahitaji muda. Januari 2006, mawe yalipoporomoka kwenye njia ya Western Breach, upande wa magharibi wa kilele, na kuwaua wapandaji watatu kutoka Marekani, njia ile ilifungwa na uchunguzi ukafanyika. Mlifanya vyema. Tuliona kwamba palipo na nia, hatua inachukuliwa. Tunaomba nia hiyo hiyo kwa mtu wa Kibosho, wa Rombo, wa Machame.

Na wapo watakaosema barua hii inaharibu soko. Nawaomba ndugu zangu wa biashara wafikirie tena. Wageni wanauliza siku hizi. Wanauliza mgumu analipwa nini, analala wapi, na wanachagua kampuni kwa majibu hayo. Zipo kampuni hapa Moshi na Arusha zinazofanya yote ninayoyaomba na zinapata faida. Zinazoumia ni hizo nzuri, kwa sababu zinashindana na anayekata siku, anayekata blanketi na anayekata chakula.

Kwa msomaji unayepanga kupanda, mgeni au mwananchi, usisubiri majibu ya barua hii. Chukua siku saba au nane kama mfuko unaruhusu. Mwambie mwongozaji ukweli kuhusu kichwa chako, kikohozi chako, na ugonjwa wa moyo au pumu uliyo nayo. Usimfiche kwa kuogopa kurudishwa. Dawa ya Diamox, ile ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko, ijadiliwe na daktari kabla ya kuja, na isikufanye upuuze dalili. Kunywa maji na kula hata kama huna hamu. Ukiona mwenzako anayumba, mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Akishindwa, safari yake imekwisha na kazi yenu ni kumteremsha. Kisha ingia hema la jiko jioni uwaone wanaokubebea. Uliza kama wamepimwa. Mwenye kampuni anaweza kunikatalia mimi. Wewe uliyelipa hawezi kukukatalia.

Waheshimiwa, tunachoomba kifanyike kabla ya msimu wa Juni ni hiki:

Kwanza, mgumu apimwe kila jioni kama mgeni kuanzia mita 3,500, na daftari likaguliwe kituoni. Pili, mwongozaji aliyeko kambini awe na mamlaka ya mwisho ya kumshusha mtu yeyote, na kampuni itakayomkata fedha au kumnyima kazi kwa uamuzi huo inyang'anywe kibali. Hili la pili ndilo kubwa kwangu. Mkilitekeleza peke yake, mengi mengine yatajipanga. Tatu, siku ya kuzoea isitozwe ada, na safari ya siku tano Marangu isiruhusiwe tena. Nne, kila kituo kuanzia Horombo, Barranco, Karanga, Barafu mpaka Kibo kiwe na oksijeni, machela na simu ya upepo vinavyofanya kazi, na orodha ya ukaguzi ibandikwe mlangoni kila mwezi ili tuione. Tano, Mfuko wa Fidia uwe sharti la kibali. Sita, itolewe ripoti ya kila mwaka ya waliougua, waliookolewa na waliofariki, wagumu na waongozaji wakiwemo, pamoja na matumizi ya ada ya uokoaji.

Niko tayari kuja ofisini kwenu siku yoyote mtakayonipangia, pamoja na wenzangu watakaotoa ushahidi wao. Tunaomba mkutano huo uhudhuriwe pia na watu wa kazi na wa afya, na muhtasari wake ubandikwe kwenye mageti ya Marangu na Machame. Ikipita siku 30 bila kupata tarehe, tutaomba kusikilizwa na Kamati ya Bunge inayohusika na utalii, na nakala ya barua hii tutaipeleka kwa wabunge wetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwongozaji wa wageni,
Marangu, Kilimanjaro